Sehemu ngapi zinatosha kwa jukwaa jipya la mijadala?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu tuna kundi la gumzo la wafugaji nyuki, watu 400 hivi. Ujumbe umekuwa mwingi mno. Swali linaulizwa asubuhi, jioni limeshazama, kesho yake mwingine analiuliza upya. Tumeamua kuhamia kwenye jukwaa la mtandaoni ambako mijadala inakaa na kuonekana. Nimechora mgawanyo wa sehemu 34 ili kila jambo liwe na mahali pake, orodha nimeiambatisha. Mwenzangu anasema sehemu zote hizo hazina kazi, tuwe na ukurasa mmoja tu na lebo, yaani maneno mafupi yanayobandikwa kwenye kila mjadala kuonyesha unahusu nini. Nani kati yetu yuko sahihi? Na matangazo ya kuuza asali tuyaweke wapi?

Jibu: Marahaba, na asante kwa kuniletea orodha nzima. Nimeisoma mara mbili. Inaonyesha wazi kwamba ufugaji nyuki mnaujua, na tatizo linaanzia hapohapo: ni orodha ya mtu anayejua. Umegawa kama mwandishi wa kitabu anavyogawa sura zake. Lakini anayefungua jukwaa ni mtu aliyekwama, ana swali moja, na huenda ana dakika tano. Anzeni na sehemu sita. Mwenzako ana nusu ya ukweli. Lebo zina kazi yake, nitazifikia.

Kwanza tupige hesabu. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika kuhusu uwiano unaojirudia katika jumuiya za mtandaoni: kati ya watu 100, 90 husoma tu, 9 huandika mara mojamoja, na 1 ndiye anayeandika sehemu kubwa ya yote yanayosomwa. Ni kipimo cha kukadiria, lakini kila jukwaa nililowahi kulisimamia limekaribiana nacho. Kwenu ina maana watu 4 watakaoandika kila siku na 36 watakaoandika wakiguswa. Wagawe hao 40 katika sehemu 34. Kila sehemu inabaki na mtu mmoja na ushei, na mjadala hauanzi chini ya wawili.

Mgeni akifungua sehemu uliyoiita "Magonjwa ya majana", yaani ya watoto wa nyuki, akakuta uzi mmoja (swali na majibu yanayolifuata) wa miezi minne iliyopita, usiojibiwa, hatafungua sehemu ya pili. Ataamini jukwaa zima limekufa, hata kama sehemu ya jirani imejaa watu. Chumba kitupu kinaisemea nyumba nzima.

Hili nalisema kwa uchungu. Jukwaa la kwanza nililokabidhiwa nililipanga mwenyewe, kwa wiki mbili, sehemu 22, na nilijivunia. Baada ya miezi mitatu sehemu nne zilikuwa na watu na 18 zilikuwa kimya. Mwanachama mmoja aliuliza jambo la dharura, na swali lake likakaa siku sita bila jibu. Aliliweka mahali sahihi kabisa kwa mujibu wa mgawanyo wangu, na mahali pale hakuna aliyekuwa akipita. Angelitupa popote pasipostahili angejibiwa siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye kiini. Katika orodha yako kuna "Magonjwa", "Wadudu waharibifu", "Sumu za viuatilifu", "Matatizo ya malkia" na "Lishe ya nyuki", kila moja peke yake. Mfikirie mtu aliyeamka akakuta nyuki waliokufa wamerundikana mbele ya mlango wa mzinga. Aulize wapi? Huenda kuna shamba la karibu lililonyunyiziwa dawa. Huenda ni njaa. Huenda ni ugonjwa, au utitiri wa varroa umelidhoofisha kundi kwa muda mrefu bila yeye kuona. Angejua ni lipi kati ya hayo, asingeuliza. Mgawanyo wako unamtaka awe na jibu ndipo apate mahali pa kuulizia swali.

Kosa hili ni la kawaida sana kwa sababu halionekani kwa anayelifanya. Mtaalamu huanza na chanzo kisha akashuka hadi dalili, maana hivyo ndivyo alivyofundishwa. Muulizaji anaiona dalili peke yake. Ndiyo maana nawasihi kila mara wanaoanzisha jukwaa: gawa kwa kile anachokijua muulizaji wakati anaingia mlangoni. Mfugaji wenu wa nyuki waliokufa anajua jambo moja kwa uhakika, kwamba mzingani mambo hayako sawa. Basi iwepo sehemu inayoitwa hivyo, "Kuna tatizo mzingani", na yote matano uliyoyatenganisha yaingie humo. Hata wajuzi watafaidika: anayefahamu sumu na anayefahamu magonjwa watakutana kwenye uzi mmoja, watabishana kwa ushahidi, na hapo ndipo jibu zuri linapopatikana. Ukiwatenga katika vyumba viwili, kila mmoja atatoa jibu la chumba chake.

Majina nayo yana mtego wake. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake walichapisha utafiti kuhusu maneno ambayo watu huchagua kuviita vitu. Waligundua kwamba uwezekano wa watu wawili kuchagua neno lilelile kwa kitu kilekile ulikuwa chini ya asilimia 20. Yaani jina linalokujia wewe kwanza, kuna uwezekano mkubwa halitamjia mwenzako. Mfano uko kwenye orodha yako: sehemu ya "Usimamizi wa makundi". Niliposoma nilidhani ni mahali pa kujadili namna ya kuliendesha kundi lenu la gumzo, mpaka nilipofika kwenye "Ugawaji wa makundi" ndipo nikaelewa kwamba makundi ni ya nyuki. Mimi nimesoma kwa utulivu, mezani. Mtu mwenye haraka hatarudi nyuma kujisahihisha.

Dawa ya hili mnayo tayari na hamjaitumia. Kundi lenu la gumzo lina maswali ya kweli, yaliyoulizwa na watu wa kweli kwa maneno yao wenyewe. Chukua maswali 150 ya mwisho. Andika kila moja kwenye kikaratasi chake, neno kwa neno, bila kulirekebisha hata kama lina makosa. Waite watu watano, wawili wao wawe wanaoanza, na umwombe kila mmoja kwa wakati wake apange vikaratasi katika mafungu anayoona yanafaa. Usiwape majina ya mafungu. Kaa kimya uangalie mikono yao. Kikaratasi kinachoshikwa muda mrefu bila kuwekwa mahali ndicho kinachokuonyesha mpaka ambao hauko wazi. Wakimaliza, waulize kila fungu wangeliitaje, uandike jibu lao kama lilivyotamkwa. Majina ya sehemu yatoke humo. Kazi hii inakula siku moja tu, na sijawahi kuifanya bila mgawanyo niliokuja nao kichwani kubadilika.

Kuna historia ningependa uijue, kwa kuwa swali lenu wewe na mwenzako lilishawahi kuwapasua watu wengi kabla yenu. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet, mtandao wa mijadala ambao kompyuta zilipelekeana ujumbe kwa laini za simu. Mwanzoni sehemu kubwa ya vikundi vyake vilianza na jina moja, net. Vilipoongezeka, kuvifuatilia kukawa shida. Tena kusafirisha ujumbe kulikuwa na gharama, na upande wa Ulaya kulikuwa na waliokataa kulipia mabishano marefu ya dini na ya ubaguzi wa rangi. Kati ya 1986 na 1987 vikundi vikapangwa upya chini ya matawi saba: comp la kompyuta, sci la sayansi, rec la burudani, soc la mambo ya jamii, news la habari za Usenet yenyewe, misc la mengineyo, na talk. Baadaye likaongezwa la nane, humanities.

Angalia hilo la talk. Sita zile ni mada, au zinajaribu kuwa mada. Talk ni tabia. Liliwekwa kwa ajili ya mabishano yasiyo na mwisho, ili asiyetaka kuyabeba aliache tawi zima kwa mkupuo mmoja. Waliolipanga walitambua jambo ambalo waanzilishi wengi wa majukwaa hawalioni hadi leo: sababu nzito ya kutenga sehemu ni kwamba watu wanafanya jambo tofauti humo, au kuna watu wasiotaka kabisa kulikuta njiani.

Na kufungua kikundi kipya chini ya matawi yale hakukuwa rahisi. Ulikuja utaratibu wa pendekezo kujadiliwa hadharani kisha kupigiwa kura: kura za ndiyo zizidi za hapana kwa 100 au zaidi, na ziwe angalau theluthi mbili ya zote. Kwa hiyo kikundi kilipofunguliwa tayari kilikuwa na watu. Waliochoshwa na urasimu huo walikuwa na tawi la alt, lililoanzishwa 1987, ambako karibu yeyote aliweza kufungua anachotaka. Alt likazaa vikundi vyenye uhai mwingi, na pia vingi vilivyobaki jina tupu. Siwaambii mpige kura kwa kanuni hiyo, watu 400 hamtoshi kwa kura hizo. Chukueni wazo lililo ndani yake, kwamba watu watangulie na sehemu ifuate.

Sasa lebo. Mwenzako ana hoja ya kale na nzuri. Mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, alichapisha mwaka 1933 mfumo wa kupanga vitabu uliojengwa juu ya wazo kwamba kitabu kimoja kina nyuso nyingi, na kila uso unastahili kutajwa. Kabla yake, mfumo wa Melvil Dewey wa 1876 ulikuwa umezoesha maktaba kukipa kitabu namba moja na rafu moja. Uzi wenu wa kesho utakuwa hivi: "Varroa kwenye mizinga ya miti wakati wa maua, nifanyeje?" Uso wa kwanza ni utitiri, wa pili ni aina ya mzinga, wa tatu ni msimu. Kwa sehemu 34 mwandishi lazima achague uso mmoja na kuzika nyuso mbili. Kwa lebo, zote tatu zinabaki juu na zinatafutika.

Basi kwa nini tusiende na lebo peke yake? Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu za kompyuta, imefanya hivyo tangu 2008: maswali yake hayagawanywi kwa sehemu, kila swali linabeba lebo isiyopungua moja na zisizozidi tano. Lakini pale shughuli kuu ni moja, swali na majibu yake, kwa kanuni moja, na kuna jeshi la watu wanaosafisha lebo. Nyinyi mtakuwa na maswali, kupiga soga, picha za mavuno na biashara, vyote kwenye mto mmoja. Zaidi ya hapo, mgeni haweki lebo, au anaweka anavyojua. Ndani ya mwezi mtakuwa na "malkia", "Malkia", "malikia" na "mama nyuki", nne kwa kitu kimoja, na utafutaji umevunjika. Kwa hiyo tengenezeni lebo kama 12 wenyewe, mwanachama achague kutoka humo, na msimamizi peke yake ndiye aongeze mpya.

Ukijiuliza jambo fulani liwe sehemu au lebo, jipime kwa maswali matatu. Je, linahitaji kanuni tofauti? Je, kuna watu wanaolitaka hilo tu, au wanaotaka kulikwepa hilo tu? Je, linahitaji msimamizi wake? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, fikiria sehemu. Likiwa hapana kwa yote matatu, ni lebo, hata kama kwenye vitabu lina sura yake. "Historia ya mizinga", kwa mfano, ni lebo. Najua utaisikitikia.

Orodha yako ina sehemu tisa za mizinga na moja tu ya nta. Nadhani wewe ni fundi mizinga, na hakuna ubaya, ila uwiano wa mwanzo huganda. Katika mfumo wa Dewey, darasa la dini lilipangwa hivi kwamba Ukristo ulichukua namba nyingi, 220 hadi 289, na dini nyingine zote zikabanwa kwenye 290. Ilikuwa picha ya rafu za Marekani ya wakati ule, na maktaba za dunia nzima zimeendelea kubeba picha hiyo kwa vizazi. Jukwaa ni rahisi kulirekebisha kuliko rafu, lakini kila mwezi unaopita watu wanazoea njia, viungo vinasambazwa, na kila badiliko linamuumiza mtu.

Sehemu sita ninazozipendekeza, mpaka vikaratasi viseme vingine, ni hizi: "Kuna tatizo mzingani", iwe ya kwanza juu kabisa kwa kuwa ndiyo yenye dharura, "Kuanza na kutunza nyuki", "Mizinga na vifaa", "Mavuno: asali na nta", "Kijiwe", na "Sokoni". Chini ya kila jina uweke mstari mmoja wa mifano ya maswali, usiwe maelezo. "Nyuki wamekufa mlangoni; kundi limehama; malkia haonekani" kunamsaidia mtu kuliko aya nzima kuhusu afya ya nyuki. Na kusiwe na sehemu ndani ya sehemu. Mtu aone nyuzi kwa kubofya mara moja tu tangu ukurasa wa mwanzo.

Utaona sijaweka sehemu ya wanaoanza peke yao; "Kuanza na kutunza nyuki" ni ya wote, wajuzi wakiwemo. Wengi huiweka kwa wema, ili mgeni asichekwe. Nimeshuhudia matokeo yake: wajuzi hawaingii humo, na wanaoanza wanajibiana wenyewe kwa wenyewe, kosa la mmoja likawa somo la mwingine. Mgeni na aulize mbele ya wajuzi, awe na lebo ya "naanza" ili ajibiwe kwa lugha ya pole, na anayemkejeli aonywe siku hiyohiyo. Ulinzi wa mgeni ni kazi ya wasimamizi. Kumpa chumba cha uani hakumlindi.

Sijaweka "Mengineyo" pia. Sehemu hiyo humeza jukwaa zima kwa sababu ndiyo pekee isiyomlazimisha mtu kufikiri. Kijiwe ni kitu kingine: kina maana yake, mazungumzo ya wafugaji yasiyohusu nyuki, na wanaoingia wanajua wamefuata nini. Asiyejua uzi wake uende wapi, auweke popote, nanyi muuhamishe kimya kimya na kumwachia kiungo. Tafadhali msiandike "umekosea sehemu" chini ya swali la mtu. Kuhamisha ni kazi yenu, na mwanachama akikaripiwa kwenye uzi wake wa kwanza, mara nyingi uzi huo huwa ndio wake wa mwisho.

Mtagawa lini? Mimi husubiri dalili tatu zikutane. Maswali yasiyojibiwa yanasukumwa nje ya ukurasa wa kwanza wa sehemu kabla ya siku kuisha. Lebo moja inachukua kama theluthi ya nyuzi mpya za sehemu hiyo kwa miezi miwili au mitatu. Na yupo mtu aliye tayari kuichunga. Ikikosekana hiyo ya tatu, ngojeni. Mkigawa, hamishieni sehemu mpya nyuzi za zamani zisizopungua 20 kabla ya kuifungua, ili wa kwanza kuingia akute watu wameketi. Na sehemu ikikaa miezi mitatu bila uzi mpya, iunganisheni na jirani yake na jina lake la zamani ligeuzwe lebo. Msifute chochote. Kiungo alichokitunza mtu mwaka jana kiendelee kufunguka.

Imebaki biashara. Hiyo inapita kipimo cha kwanza na cha pili kwa pamoja: ina kanuni zake, na wapo watakaotaka kuikwepa. Kila tangazo Sokoni liseme bidhaa, kiasi, bei na mahali ilipo, hata kwa anayetaka kununua. Mabishano ya bei yafanyike faraghani, na tangazo lifungwe baada ya siku 30, muuzaji aandike upya kama mzigo bado upo. Nyuzi za Sokoni zisionekane kwenye orodha ya nyuzi mpya za ukurasa wa mwanzo. Mtu azifuate mwenyewe. Utakutana na uzi ulio mpakani: "Nina asali, soko nitapata wapi?" Huo haujatangaza mzigo wala bei, unaomba maarifa, kwa hiyo uende Mavuno. Uzi uleule ukipata mnunuzi katika jibu la tatu, wauzianaji waombwe wahamie Sokoni, na majibu ya maarifa yabaki pale yalipo. Andikeni mpaka huu kwenye uzi mfupi, mkaubandike juu ya sehemu zote mbili kabla ya kumwalika mwanachama wa kwanza.